Siku ya Kuzaliwa ya Mtoto: Tunahesabu Miaka ao Tunahesabu Makuta?

Katika kurasa kama hizi tumezoea kuzungumza juu ya mila kubwa: mahari, matanga, majina, olusumba, urithi wa mashamba. Mara hii tunaomba ruhusa ya kuzungumza juu ya jambo linaloonekana dogo, tena jambo ambalo wazee wetu hawakulijua: sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mtoto mdogo, ile tunayoita sisi wote aniverseri.

Wengine watasema: Mwalimu amekosa maneno. Hapana. Katika avenue zetu za Butembo na Beni sherehe hii imeingia na imekaa. Zamani ilikuwa jambo la nyumba chache za wakubwa na wafanyabiashara. Leo mtoto wa shule ya chekechea anarudi nyumbani na kuuliza: “Mama, yangu itakuwa lini?” Na mama anaanza kuhesabu: gato, bujie, balo za kupuliza, fanta, viti vya kukodi, sono, mpiga foto. Kiisha anaangalia makuta yake, anaona hayatoshi. Hapo anabaki na njia mbili: kukopa, ao kumwambia mtoto “mwaka kesho”.

Swali letu ni hili: siku ile tunamdai nini sisi wenyewe, yaani sisi wazazi tuna deni gani kwa mtoto? Na mzazi anayefanya sherehe kwa mikono yake, kwa karatasi za kaye ya zamani na gato ya kupika juu ya makala, je, amemheshimu mtoto ao amemdanganya? Ni swali la adabu na la haki, si la mapishi tu.

1. Wazee wetu walihesabu namna gani?

Kwetu Wanande, mtoto alihesabiwa tangu siku ya kwanza, lakini hakuhesabiwa kwa tarehe. Alihesabiwa kwa nafasi yake. Ukisikia Kambale, unajua kwamba mbele yake kuna mvulana mwingine. Ukisikia Kasereka, unajua ni wa tatu; Kakule anamfuata, kisha Katembo. Ukisikia Masika, unajua ni msichana wa kwanza, na nyuma yake wanakuja akina Kavira, Kavugho na Kahambu. Kuna majina mengine tena yenye kanuni zake, ambayo wazee wanayajua kuliko sisi. Jambo la kushika ni hili: jina letu halisemi mtoto alizaliwa lini, linasema amezaliwa kati ya nani na nani.

Na miaka? Miaka ilishikwa na mambo yaliyotokea. Mzee anakwambia alizaliwa mwaka wa njaa fulani, ao kabla ya olusumba fulani. Wengine wanasema “wakati wa Mulele”, na wewe uliyesoma unaelewa ni 1964. Tarehe kamili zilikuja na vitabu vya ubatizo vya mapadri Waasumptionisti, waliofika kwetu 1929, na karatasi za serikali ya kikoloni, na masomo. Hata sasa kuna wazee ambao kwenye kitambulisho chao hakuna siku wala mwezi. Wameandikiwa tu kwamba walizaliwa karibu na mwaka fulani. Na hawajioni kama watu pungufu. Wanajua nani alizaliwa mbele yao na nani nyuma yao.

Kwa hiyo, anayesema kwamba wazee hawakumjali mtoto anakosea. Walifurahia kuzaliwa, walimpa jina, walimlea katika nyumba na kyaghanda, pale wakubwa walipozungumza na wadogo wakasikiliza. Ila hawakumkalisha mtoto juu ya kiti peke yake, siku moja kila mwaka, watu wote wakimwangalia yeye tu.

Je, basi tukatae aniverseri juu ya ile si mila yetu? Sisi hatufikiri hivyo. Tuseme ukweli: jina la nafasi lina uzuri wake na lina upungufu wake. Katika darasa moja la Butembo mwalimu akiita “Kambale!”, vijana wanne wanasimama. Jina linasema nafasi, halisemi mtu. Na mtoto wa sita katika nyumba, anayevaa suruali iliyopita kwa kaka zake wote, anayesoma katika kitabu ambacho wakubwa wake wamekwisha kukipasua, ni lini anaonekana yeye mwenyewe? Kumpa siku yake moja katika mwaka ni kumwambia: wewe si Kambale wowote, wewe ni huyu Kambale wetu, tunajua unapenda nini na unaogopa nini. Neno hilo ni zuri. Hata wazee, tunafikiri, wangelikubali.

Kwa hiyo hatupigani na sherehe. Tunauliza ni sherehe ya namna gani.

2. Sherehe ya mfalme na sherehe ya mtoto

Tukitafuta siku ya kuzaliwa katika Biblia, tunakuta karamu mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni ya Farao, katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 40. Siku ile Farao aliwafanyia watumishi wake karamu. Mnyweshaji alirudishwa kazini, na mwoka mikate akatundikwa. Ya pili ni ya Herode, katika Injili ya Matayo na ya Marko: watu wakubwa wamekaa mezani, msichana anacheza, mfalme anaapa mbele ya wageni, kisha anaona haya kurudisha neno lake, na kichwa cha Yoane Mbatizaji kinaletwa kwenye sinia. Karamu zote mbili ni za wafalme, na katika zote mbili mtu anakufa. Si ajabu kwamba Wakristo wa kwanza hawakuwa na haraka ya kusherehekea siku za kuzaliwa.

Angalieni vizuri sababu ya ubaya wa Herode. Aliua juu ya wageni: alisema neno kubwa mbele yao, akaogopa kuonekana mdogo. Hiyo njo alama ya sherehe ya mfalme: anayesherehekea anaangalia macho ya wageni.

Sherehe ya mtoto ina njia nyingine. Desturi ya keki na mishumaa kwa watoto inajulikana Ujerumani tangu karne ya 18, katika nyumba za watu. Katika nchi hiyohiyo mwalimu Friedrich Froebel alianzisha 1837 shule ya watoto wadogo, ile iliyozaa shule zote za chekechea za leo. Vitu vya kuchezea alivyowapa watoto aliviita “zawadi”. Na zawadi ya kwanza ya Froebel ilikuwa nini? Mipira midogo ya nyuzi za sufu, yenye rangi. Ya pili ilikuwa vipande vya mbao: mpira, mche wa mraba na mche wa duara. Mwalimu ambaye dunia nzima inamfuata alianza na uzi na mbao.

Tena ule wimbo ambao watoto wetu wanauimba kwa Kifaransa, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili mbele ya gato, sauti yake ilitoka kwa dada wawili wa Marekani, Patty na Mildred Hill. Waliutoa 1893 kama wimbo wa mwalimu kusalimia watoto asubuhi darasani, na Patty alikuwa mwalimu wa chekechea. Baadaye maneno yalibadilishwa kuwa ya siku ya kuzaliwa, na makampuni yakaanza kudai malipo kwa kila anayeutumia katika filamu ao katika biashara, mpaka mahakama ya Marekani ilipokata neno 2015 kwamba madai hayo hayana msingi. Wimbo wa bure wa darasani uligeuka kuwa bidhaa kwa miaka mingi. Sisi waalimu tunaipenda hadithi hii, juu ya inatuonyesha jinsi kitu cha mikono kinavyoweza kuchukuliwa na duka bila watu kujua.

Basi sherehe hizi mbili zinapigana katika avenue zetu: ya mfalme na ya mtoto. Zote mbili zina gato, zote mbili zina wimbo. Namna ya kuzitenganisha ni kuuliza: hapa nani anaangaliwa?

3. Tunayoyaona

Tumealikwa mara nyingi. Tumeona sherehe ya mtoto wa miaka mitatu ambapo sono ililia mpaka mtoto mwenyewe akalia, akapelekwa kulala, na wakubwa wakaendelea na pombe mpaka usiku. Foto zilikuwa nzuri. Mtoto hakuwemo katika nusu ya foto hizo.

Tumeona pia kipande kingine kinachotusumbua zaidi: watoto wa jirani wamesimama nje ya mlango wa bati, wanachungulia kwa tundu. Kila siku wanacheza na yule mtoto katika vumbi moja. Leo hawakuitwa, juu ya hawana kado ya kuleta, ao juu ya nguo zao. Kesho asubuhi watacheza naye tena, lakini watakuwa wamejifunza kitu. Na yeye pia amejifunza: kwamba kuna siku ambayo rafiki anachaguliwa kwa kile anacholeta. Ni somo zito kwa mtoto wa miaka mitano, na wazazi walilipia makuta mengi ili alipate.

Tufanye hesabu kidogo, kama ilivyo kawaida yetu. Tuseme mama anauza sombe sokoni na kila siku anabakiza faida ya franka 4 000. Tuseme gato ya kuagiza, vinywaji, balo, viti na sono vinafika pamoja franka 160 000. Gawanya: ni siku 40 za kazi yake. Tena si siku 40 za kubakiza, ni siku 40 za kutokula. Kama aliomba zamu yake ya likelemba ije mbele, basi miezi inayofuata atalipa bila kupokea. Siku mtoto anafukuzwa shuleni juu ya kaye ao uniforme, gato ile haiwezi kurudishwa dukani.

Kuna deni lingine lisiloandikwa. Mwanachuo wa Kifaransa Marcel Mauss aliandika 1925 juu ya zawadi katika jamii nyingi za dunia, akaonyesha kwamba zawadi inabeba kazi tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Sisi hatukuhitaji Mauss ili kujua hivyo. Muulize mama yeyote aliyepokea kado ya bei kali kwa mtoto wake. Siku hiyohiyo anaanza kuogopa tarehe ya mtoto wa mwenzake. Mama mmoja wa mtaa alituambia kwa sauti ndogo: “Mwalimu, mi sitake batoto bangu baitwe tena. Kila mwaliko ni deni.” Mama huyo si mchoyo, anajua kuhesabu.

4. Kazi ya mikono

Sasa tuseme juu ya ile njia nyingine. Tunaisema kwa vitu vyenyewe, juu ya maneno matupu hayafurahishi mtoto.

Mapambo. Karatasi za kaye zilizokwisha kuandikwa zinakatwa vipande virefu vya upana wa vidole viwili, kila kipande kinakunjwa kuwa pete, pete moja inapita ndani ya nyingine, na mnyororo unafungwa toka ukuta mpaka ukuta. Kole ni unga wa muhogo uliopikwa kidogo ndani ya maji. Rangi nyeusi inatoka kwa makala yaliyosagwa. Rangi nyekundu ni ule udongo wa barabara ambao Butembo haijaukosa hata siku moja.

Gato. Hakuna haja ya foro ya umeme. Weka mchanga safi chini ya sufuria kubwa, uuache upate moto, panga mawe madogo matatu juu yake. Ndani uweke sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, yenye unga wa ngano, mayai, sukari, levire kidogo na ndizi mbivu zilizopondwa. Funika, kisha weka makala ya moto juu ya kifuniko. Ukichoma kijiti katikati na kitoke kikavu, imeiva. Kinywaji ni marakuja za kwetu, maji yaliyochemshwa na sukari.

Michezo. Kiazi cha Lubero juu ya kijiko, na watoto wanashindana kukimbia bila kukiangusha. Mpira wa majani makavu ya migomba uliofungwa kwa kamba yake. Hadithi ya mukaka, yaani bibi, ambayo haikodishwi na haihitaji jenereta.

Kado. Gari ya waya yenye magurudumu ya soli ya kandambili. Mwanasesere wa gunzi la mahindi aliyevaa kitambaa cha fundi. Chukudu ndogo ya mti wa mkalitusi. Kaka mkubwa anayeitengeneza chukudu ile kwa siku mbili anajifunza ekseli ni nini, mzigo unakaa wapi, kwa nini gurudumu linavaa kipande cha mpira. Tumeona kijana asiyeelewa neno letu moja katika somo la fizikia akieleza breki ya chukudu vizuri kuliko kitabu.

Lakini faida ya kujifunza siyo sababu yetu ya kwanza. Sababu yetu ni hii. Kitu kilichotengenezwa kwa mkono hakiwezi kutengenezwa bila kumfikiri yule atakayekipokea. Ukikata soli kwa gurudumu la gari, unamfikiri mtoto: mkono wake ni wa ukubwa gani, ataivuta ao ataisukuma, ataichezea kwenye mteremko upi. Unampa saa mbili za maisha yako, na saa hizo hazirudi. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, alifundisha katika kitabu chake juu ya fadhili kwamba fadhili haiko katika kitu kinachotolewa, iko katika nia ya anayetoa. Waswahili wamekwisha kusema hivyo kwa ufupi: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Tena kado ya namna hii haitii mtu katika deni la haya. Hakuna anayejua bei yake. Mtoto wa jirani asiye na kitu anaweza kuleta mpira wa migomba alioufunga mwenyewe, na akaingia kwa mlango kama wengine wote. Sherehe ya mikono inafungua mlango wa bati. Kwetu hilo njo jambo kubwa kuliko gharama iliyopungua.

5. Wanaopinga, na wana haki yao

Wa kwanza ni mama wa soko. Anasema: “Mwalimu, unasema saa mbili. Saa mbili nitazitoa wapi? Natoka saa kumi na moja za asubuhi, narudi giza.” Ana haki. Kwa mtu maskini saa inaweza kuwa ghali kuliko franka, na kuna mahubiri juu ya kazi ya mikono ambayo yanamwongezea mama mzigo mwingine tu. Jibu letu: kazi hii si ya mama. Ni ya ndugu. Hapa njo jina letu la nafasi linapata maana yake. Paluku atengeneze gari, Masika akate karatasi, Kambale afunge mpira, mukaka atoe hadithi, baba, ndiyo, baba pia, akae chini na waya. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mama apumzike siku ile, yeye aliyezaa. Kwa kweli ile ni aniverseri yake pia.

Wa pili ni mfanyabiashara. Butembo imejengwa na wachuuzi. Watu wetu wanapita Kasindi, wanafika Kampala, Dubai na China, wanaleta vitu, na vitu hivyo vinalisha familia. Je, tunataka maduka yafungwe? Hatutaki. Mpira wa dukani pia ulitengenezwa na mikono ya watu, na anayeweza kuununua bila kukopa aununue kwa furaha. Tunasema tu kwamba duka lisiwe ndilo linaloamua nani ni mzazi mzuri.

Wa tatu ni mtoto mwenyewe, na yeye ndiye mgumu. Anataka gato yenye krimu ya bluu aliyoiona kwa rafiki. Tusimwambie kwamba gari ya waya ni nzuri kuliko ile ya betri; ana macho. Na tusiusifu umaskini mbele yake. Umaskini si mila, na anayemwambia mtoto “sisi Waafrika hatuhitaji vitu hivyo” wakati ukweli ni kwamba hana makuta, anamfundisha uongo wenye nguo ya utamaduni. Afadhali kusema: “Mwanangu, ile hatuiwezi mwaka huu. Hii tumekutengenezea sisi.” Mtoto anaweza kuhuzunika. Huzuni ya ukweli inapita upesi kuliko tunavyofikiri, na mtoto anayejua hali ya nyumba yake bila kuonea haya ana kitu mkononi.

Katika shule kuna njia ya kusaidia, nayo haina gharama: watoto wote waliozaliwa mwezi mmoja wanasherehekewa siku moja, mwisho wa mwezi, kwa wimbo mmoja na mnyororo mmoja wa karatasi, na kila mtoto wa darasa anasema neno moja jema juu ya kila mmoja wao. Hapo mtoto anahesabiwa peke yake na anahesabiwa kati ya wenzake. Ni jina la wazee na tarehe ya masomo vimekaa pamoja.

6. Kuhesabu miaka katika Beni

Hatuwezi kuandika juu ya miaka ya watoto katika eneo letu kana kwamba tunaishi mahali pa amani. Tangu Oktoba 2014 watu wa eneo la Beni wamechinjwa usiku katika vijiji na mashamba, na familia nyingi zimekimbilia Oicha, mji wa Beni, Butembo na mbali zaidi. Kutoka tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020 Ebola ilituzunguka na kuua watu zaidi ya 2 200. Siku zile hatukupeana mkono, na kukusanya watoto katika nyumba moja lilikuwa jambo la kuogopa. Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi.

Wengine wanasema: katika hali hii kusherehekea ni kukosa haya mbele ya wanaolia. Sisi tunafikiri kinyume, kwa sharti moja. Pale ambapo mwaka wa mtoto hauna uhakika, kuuhesabu mwaka uliokwisha ni shukrani, si majivuno. Mama aliyekimbia na mtoto mgongoni ana haki ya kusema mbele ya watu: ana miaka minne, yuko hapa. Sharti ni kwamba sherehe isimpige kofi yule anayelia. Muziki mkali karibu na nyumba yenye matanga ni sherehe ya Herode. Wimbo wa watoto kumi, gato ya sufuria iliyokatwa ili kipande kifike mpaka kwa mtoto wa wakimbizi anayelala katika nyumba ya jirani, hiyo haimtukani mtu. Na mkataba wa kimataifa wa haki za mtoto wa 1989, ambao nchi yetu iliukubali 1990, unasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Haukuandika kwamba haki ile inangoja vita viishe.

Hapo tunataja kado moja ambayo wazazi wengi wanaisahau, nayo inapita gato zote: karatasi ya kuzaliwa. Sheria ya familia, kama ilivyorekebishwa 2016, inampa mzazi siku 90 za kumwandikisha mtoto kwa serikali. Ni wangapi kati yetu walipiga foto ya mwaka wa kwanza, balo zimejaa ukutani, lakini mtoto hajaandikwa popote? Mtoto asiye na karatasi hiyo atapata shida kwenye mtihani wa serikali, kwenye kitambulisho, kwenye mpaka. Na kwa wale waliokimbia vijiji vyao mikono mitupu, tarehe ya mtoto imebaki katika kichwa cha mama peke yake. Mama akifa, tarehe inakufa naye. Tunawezaje kusherehekea siku ambayo hatukuilinda?

Basi, wasomaji wapenzi, tukusanye maneno. Deni letu kwa mtoto siku ile ni kumwona. Anayeweza kumwona kwa gato ya dukani, bila kukopa na bila kufunga mlango, afanye hivyo. Asiyeweza, asijione mdogo: waya, karatasi na majani ya migomba havimwondolei mtoto heshima hata kidogo. Inayomwondolea heshima ni sherehe ambayo ndani yake wageni wameonekana kuliko yeye.

Tunaomba mambo matatu kwa wanachama wetu. Kwanza, kila familia iandike tarehe za watoto wake katika kaye moja, na ipeleke kwa serikali ile ambayo haijaandikwa. Pili, shule zijaribu sherehe ya mwezi. Tatu, wale wenye mukaka ao sokulu ambao bado wana nguvu wawaulize walichezea nini walipokuwa wadogo, walikitengeneza kwa mti gani na kwa kamba gani, na wavilete vitu hivyo kwenye mkutano wetu unaofuata. Sisi tutaleta mkasi na kole ya muhogo. Watoto waje pia, hata wale ambao siku yao haijafika.